Aliyemgeuza Kalekye Mtoni

Mimi ni nesi, na kanisani kwetu habari za aimu, hizo roho za waliokufa, tunazicheka. Lakini hili lilinipata mwenyewe, mchana kweupe, huko Kanyangi. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize kwanza.

Nilikuwa nimetoka Mutomo kumtembelea Kalekye, msichana mwenye kifafa. Dawa zilikuwa zimemkubali vizuri, lakini wiki hiyo zilimwishia. Nyumbani wakaniambia ameenda kuteka maji. Unaijua mito yetu wakati wa kiangazi: mchanga mtupu, maji unayachimbia shimo. Mwenye kifafa, hana dawa, ameinama juu ya shimo la maji? Nikashika njia ya mtoni.

Nikakutana na wanawake wanapanda mbio, mitungi wameiacha huko.

"Daktari, usiende," mmoja akaniambia. "Ameanguka. Hiyo povu ikikugusa, ugonjwa utakuingia."

Ndivyo walivyolelewa. Nikawapita. Niliogopa, nakwambia, si povu, niliogopa nimechelewa.

Kumbe Kalekye hakuwa peke yake. Msichana nisiyemjua alikuwa ameketi kando ya shimo, amemlaza ubavu, kichwa amekipakata ili mate yatoke. Hakumkandamiza, wala hakumtia kijiko mdomoni kama wengi wafanyavyo. Nani alimfundisha? Nguo zake zilikuwa zikichuruzika maji, na mchanga chini yake ulikuwa mkavu.

"Shika, daktari," akasema polepole. "Huyu amegeuzwa. Mimi hawakunigeuza."

Nikakipokea kichwa. Nilipoinua macho nimuulize jina, mto ulikuwa mtupu, juu hata chini. Amini usiamini, hapakuwa na nyayo zake popote.

Kalekye akavuta pumzi ndefu. Baada ya muda akafungua macho, akauliza mtungi wake uko wapi. Nilifurahi hadi nikalia, na sikuona haya.

Nyumbani nilimsimulia nyanya yake. 

"Huyo ni Mbithe," akasema. "Tulikuwa tunateka na yeye tukiwa wasichana. Alianguka kifudifudi kwa shimo, akafia humo, na maji yenyewe hayangejaza sufuria. Sisi wote tulikimbia. Hata mimi."

Siku hizi huyo nyanya ndiye anayewafundisha wanawake wa mtoni jinsi ya kumgeuza mtu, na Kalekye ndiye anayelazwa mchangani wajifunzie kwake, huku anacheka. Dawa zake hakosi. Ameanguka tena mara moja pale pale, na hakuna aliyekimbia. Mimi nikipita kando ya shimo lile viganja hunilowa. Si jasho, jasho nalijua. Lakini siogopi tena, nashukuru tu.

Basi nawe ukimwona mtu ameanguka na kifafa, usimkimbie. Mgeuze ubavu, ukae naye mpaka azinduke. Mbithe hayuko kila mto.