Michezo Tisa ya Orrin Stucky

Orrin Stucky alichaguliwa na klabu kubwa ya besiboli raundi ya kumi na nne ya uchaguzi wa wachezaji wapya, kiangazi cha 1978, akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mtoto wa mfugaji wa Nebraska. Wakamleta kwetu West Virginia, ligi ndogo, akomae kwanza. Mimi ndiye niliyemdakia mipira, nikichuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpira ulimtoka mkono wa kushoto ukilia kama nyigu.

Mchezo wa nne mpira ukamponyoka. Ukampiga Dale Tackett, mpigaji wa wapinzani, chini ya jicho. Nilisikia mfupa ukivunjika. Tackett akalala vumbini, mguu mmoja ukitikisika. Orrin alibaki akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Tangu hapo mkono ukamkataa. Mipira ikapita juu ya kichwa changu, ikapita nyuma ya wapigaji. Chakula akawa anakisukuma tu.

"Usimwangalie mpigaji," nikamwambia. "Niangalie mimi."

"Nakuangalia wewe, Merle. Naliona shavu la Tackett."

Jukwaani walishapata la kupigia kelele: "Akina mama, ficheni watoto! Stucky anarusha!"

Mchezo wa tisa Tackett alirudi, shavu limebonyea. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma yake. Nikasikia meno yake yakigongana.

"Mwambie anionee huruma," akanong'ona bila kugeuka. "Mke wangu yuko pale."

Nikainua glavu, nikaiweka mbali naye.

Orrin akainua mguu ili arushe, akaushusha. Akainua tena, akaushusha. Kisha akaondoka pale alipokuwa, akaenda moja kwa moja kwa kocha na mpira mkononi.

"Chukua, kocha. Nitaua mtu."

"Ukitoka leo ndiyo basi, kijana. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Uwanja mzima ukamzomea. Tackett aliegemea gongo lake, machozi yakimtoka, wala hakujificha.

Asubuhi wakampa tiketi ya basi ya kurudi kwao. Hakurusha tena.

Krismasi nilimpigia simu. Kabla sijamaliza salamu akauliza, "Tackett anaona?"

"Anaona vizuri. Amepata mtoto wa kike."

Nikamsikia akivaa mabuti.

"Haya, Merle," akasema. "Ngoja nikakamue ng'ombe."