Birika la Nkambo

Sikwenda Likasi kutafuta chochote. Nilikwenda kutoa pole, maana jirani yetu wa zamani wa mtaa wa Kikula alikuwa amefariki, na mama yule alinilisha siku nyingi utotoni. Nilipokuwa nimekaa mkekani, binti yake alileta kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mapajani pangu. Lilikuwa birika la udongo, jeusi kwa moshi upande mmoja.

"Mama alisema siku weye utakuya, tukupe," aliniambia.

Nililishika kwa mikono miwili.

Ngoja nikueleze lilivyopatikana. Mimi nililelewa na nkambo, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, pamoja na mama mdogo, kitinda mimba wake. Nkambo alikuwa mfinyanzi kama mama yake kabla yake. Alichanganya udongo na unga wa vigae ili vyungu visipasuke motoni, kisha akausokota kuwa kamba nene na kuzizungusha moja juu ya nyingine mpaka chungu kisimame. Kusaga vigae ilikuwa kazi yangu kila nikitoka shule. Mpaka leo nikisikia jiwe likikwaruza jiwe, meno yananiuma. Ua wetu ulinuka nyasi zilizoungua na maji ya magome ya mti, ambayo nkambo alivinyunyizia vyungu vikiwa bado vya moto.

Wakati huo masufuria na ndoo za plastiki zilikuwa zimeshajaa sokoni. Vyungu vyetu vilikaa ukutani wiki nzima bila kuulizwa. Ndipo jirani yetu yule alipokuja, mke wa dereva wa malori, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka mashariki. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na alitaka birika la udongo kama alilokuwa nalo nyanya yake, kwa chai ya kufuturu.

Nkambo alikunja uso. "Chungu ya mudomo murefu? Minye sikufanyaka ile kintu."

"Tutajaribu, mama," alisema mama mdogo.

Alikuwa msichana wa kucheka, mwenye mikono isiyokauka udongo. La kwanza mdomo ulidondoka. La pili lilipasuka motoni kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Mama mdogo alikaa siku mbili akiviangalia vile vipande, mpaka akagundua kwamba mdomo ulikauka haraka kuliko tumbo. Kwa la tatu aliufinyanga mdomo kuzunguka tete, akauvika kitambaa kibichi, ukakauka polepole. Likatoka zima. Nkambo aliligonga kwa ukucha, akasikiliza. Hakuwa mtu wa kusifu. Alisogea tu kwenye mkeka wake, akamwachia binti yake nafasi ya kukaa.

Baada ya hapo wanawake walikuja kutoka kila mtaa. Udongo ukaanza kutuishia. Tuliuchimba kwenye ukingo wa kijito nje ya Kikula, na mahali pale palikuwa na sheria moja niliyofundishwa tangu mdogo: ukichimba udongo, husemi. Ukisema, chungu kitapasuka. Lakini siku hizo wanaume wanaotafuta mawe ya shaba walikuwa wameutoboa ukingo ule upande wa pili, na nkambo alikuwa ametukataza kwenda. Kisha likaja ombi la arusi, mabirika sita. Mama mdogo aliomba ruhusa asubuhi nzima. Nkambo akasita, akatazama beseni tupu, akasema, "Muende. Lakini musikawie."

Mama mdogo aliingia ndani ya shimo mpaka kiunoni, akawa ananipa mabonge nami ninayapanga kwenye beseni. Nyuma ya mgongo wake niliona mchanga unachuruzika kutoka juu, mwembamba kama unga unaopita kwenye chekecheo. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka sheria, nikaufunga. Beseni lilipojaa, alinionyesha kwa kidevu nilipeleke juu, nikapanda. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia la mahindi lililoangushwa chini. Nilipogeuka hapakuwa na shimo.

Nilipiga kelele. Wachimbaji wa mawe walikuja mbio na sepeto zao, na walipoona upindo wa kitenge wakaziacha, wakachimba kwa mikono. Mmoja wao alivua shati lake, akamfunika uso. Alikuwa analia kama ndugu.

Kwenye kilio jirani aliwamiminia watu chai kutoka kwenye lile birika, akidhani ni heshima. Nkambo aliliona likimfikia, akageuza uso.

"Uitoshe pa macho yangu, mama."

Jirani alikwenda kumwaga chai nyuma ya nyumba, akavua mtandio wake, akalifunga birika ndani yake, akaenda nalo kwake. Sikuliona tena mpaka lilipowekwa mapajani pangu.

Nkambo hakufinyanga tena. Aliuza makaa sokoni, mafungu madogo madogo. Beseni la udongo tulilojaza siku ile lilibaki uani, na mvua ikausambaza mpaka mlangoni. Mara moja tu nilimsikia akisema peke yake, huku akipepeta mchele, "Minye njo nilimutuma."

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, nikiwa likizo kutoka shule ya Mulungwishi, nilimwomba anifundishe kufinyanga. Kwa kweli nilitaka kumwambia habari ya mchanga, nikawa natafuta pa kuanzia. Alichukua mikono yangu, akaigeuza, akaitazama viganja.

"Aya maboko, uniachie vile iko," alisema, akainuka kwenda kusonga bukari, ugali wetu.

Alifariki mvua zilizofuata, nami sikuwa nimemwambia.

Juzi nilitembea mpaka kijitoni. Ukingo haupo, kuna mashimo yaliyojaa maji ya kijani, na nyumba zimefika karibu. Sokoni Kikula nilimuuliza mama mmoja muuza vyombo kama anamjua mtu yeyote anayefinyanga. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa adabu, kisha akaniuliza kama ninataka ndoo ya kifuniko au isiyo na kifuniko.