Sikio la Kuchoma

Nyama ya kuchoma naipenda, kwa hiyo mtu asiseme mimi ni wale wa roho nyepesi wanaozimia wakiona damu. Lakini kuna harufu moja niliyoinusa juu ya paa letu hapa Kariobangi, ya manyoya na ngozi changa ikiungua kwenye makaa, na tangu siku hiyo nikikaribia mahali wanababua kichwa cha mbuzi mimi huvuka barabara.

Naishi na dada yangu na mume wake, nyumba ya juu kabisa kwenye ploti. Shemeji ni fundi wa mageti. Wateja wake wengi wamejenga Njiru, nyumba mpya katikati ya viwanja vitupu, na mtu akishawekewa geti swali linalofuata huwa lile lile: "Na mbwa nitapata wapi?" Shemeji akaona asiwaache waende kwa mwingine. Akafuga mbwa jike juu ya paa, kando ya kamba za nguo. Siku hizi geti na mbwa hutoka pamoja.

Ni mtu mzuri, shemeji. Huimba akichomelea. Dada akiugua, yeye ndiye hufua. Nasema hivi mapema kwa sababu nitakayoyaandika yananichafua roho, na ningependa sana yangekuwa yamefanywa na mtu mbaya.

Mimi hupaka watu rangi ya kucha, kibanda kidogo karibu na soko, meza moja na viti viwili. Nina ndoto zangu. Moja ni duka lenye kioo mpaka chini, upande huu kucha za akina mama, upande ule kuosha mbwa na kuwapunguza kucha. Dada hucheka mpaka ashike ukuta. "Mbwa wa Kariobangi apakwe rangi?" Nami humuuliza, kwani zambarau ina ubaya gani.

Mara hiyo yule jike alizaa watoto wanne. Mmoja, kajike ka rangi ya chai ya maziwa, mama yake alikuwa anamsukuma kando asinyonye, nikamlea kwa chupa ya mtoto. Alikuwa akinyonya amenikumbatia kidole gumba. Mkia wake ulimzidi nguvu. Ukianza kutingika, unamwangusha.

Jumapili asubuhi nikapanda paani na karai la nguo nilizofua, nikamkuta shemeji amekalia ndoo iliyopinduliwa, wembe mpya mkononi, jiko linawaka, na kikopo cha oili chafu ya gari. Kwamba mbwa hukatwa masikio nilijua, mtaani wamejaa wa namna hiyo. Sikuwa nimewahi kujiuliza yale masikio huenda wapi.

Alimbana wa kwanza katikati ya magoti. Mlio wake sitauelezea. Shemeji akapaka oili kwenye vidonda, akachukua vile vipande viwili, akaviweka juu ya wavu. Vikajikunja. Vikatoa mafuta. Akavipuliza vipoe, taratibu, kama mtu anayempozea mtoto uji, akamwekea mwenyewe mbele. Na yule mtoto wa mbwa, damu bado inamchuruzika shingoni, akanusa, akala. Akalamba midomo, akatazama kama kuna kingine.

"Mbwa akila nyama yake mwenyewe, haogopi ya mtu," shemeji akaniambia. "Hivyo ndivyo mzee wetu alitufunza. Mkia nao tutaufunga na mpira wa tyubu, ukauke uanguke wenyewe. Hauna uchungu."

"Nani alikuambia hauna uchungu?"

"Shem, wewe umewahi kusikia mkia ukilia?"

Nikatapika ndani ya karai, juu ya nguo safi.

Chini kwenye mlango wa ploti kuna jirani yetu, mama wa kutoka Pwani ambaye hukaanga mahamri na viazi karai. Mbwa na yeye ni mbalimbali. Mbwa wetu akipita, yeye huinua miguu juu ya kibao mpaka apotee. Nilishuka kutafuta maji, akaona uso wangu, akauliza kuna nini. Nikamwambia yote.

Akapunguza moto. "Kamlisha sikio lake?"

"Ndiyo."

"Kalichoma kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Hebu nipishe."

Akapanda ngazi zote ameshika dera lake juu, mimi nyuma yake. Akasimama mlangoni mwa paa, hatua moja zaidi hakupiga. Watatu walikuwa wameshakatwa. Alibaki wangu, amelala ndani ya kiatu cha kazi cha shemeji, hana habari.

"Hodi, baba."

"Karibu, mama. Leo umekuja kuona mbwa?"

"Mbwa simtaki. Akinigusa mate yake, nina kazi ya kujiosha. Nimekuja kuuliza, hayo masikio ulimpa wewe?"

"Mama, mteja anataka mbwa mkali."

"Mola kamtilia, wewe wapunguza. Uliona kazidisha?"

Shemeji akacheka. "Lakini mama, si hata hupendi mbwa?"

"Nani kasema nawapenda? Mkeo naye kuna siku humpendi. Wamkata?"

Shemeji alicheka mpaka akaweka wembe chini, na mimi nikawahi kile kiatu na aliyemo ndani. Tukakubaliana hivi: mteja anakuja mchana kuchagua. Akikubali mbwa mwenye masikio, basi, wangu hataguswa.

Mteja akaja, mzee wa tumbo na funguo nyingi. Wale watatu walikuwa wamejificha chini ya tangi la maji, akiwaita wanatetemeka. Wangu akamkimbilia, akambwekea viatu, mkia ukamwangusha. Mzee akasema, "Huyu." Nikamwomba, baba, tafadhali mchukue hivi hivi, usimkate. Akanitazama kama anayetazama mtoto akililia penseli iliyovunjika. "Sawa, msichana, ataenda na masikio yake." Kwa furaha nilimpa na ile chupa ya maziwa.

Baadaye bawaba ya geti lake ikalegea, shemeji akaitwa Njiru. Nikafunga kibanda nikaenda naye, nimebeba mifupa kwenye karatasi.

Mbwa wangu alikuwa amefungwa mnyororo kando ya geti. Ameongezeka urefu. Juu ya kichwa, vishina viwili vyenye nzi. Nyuma, kifundo cheusi kinachotoa maji, nzi wengine. Aliponitambua alianza kutingisha kile ambacho hakipo. Kiuno kizima kikaenda kushoto, kikaenda kulia, miguu ya nyuma ikateleza kwenye kokoto. Mimi nimesimama na mifupa yangu.

Mzee akatoka ndani akilalamika. "Fundi, uliniletea mbwa wa bure. Anachekea kila mtu, hata jamaa wa kusoma mita."

"Mlimkata?" shemeji akauliza.

"Mlinzi alimkata. Na panga, hapo kwenye gogo."

"Na masikio yalienda wapi?"

"Nitajuaje? Kuku walikula."

Shemeji akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeona ugonjwa. "Ndiyo maana."

Hapo nilisikia kinyaa kuliko siku ya paa. Mbele yao kulikuwa na mnyama aliyekatwa kila kitu ili awe mkali, na hakuwa mkali, na watu wazima wawili wakaafikiana kwamba kosa ni la kuku.

Mzee alipewa mmoja wa wale watatu badala yake. Wangu nilimbeba ndani ya jaketi mpaka nyumbani, usaha ukinilowesha kifua. Jirani akamtazama kutoka kwenye kibao chake. "Mmemrudisha pungufu," akasema. Akachemsha maji ya chumvi, akayatia kwenye kopo, akalisukuma kwangu kwa fagio. "Mwoshe wewe. Mimi nitakuelekeza kutoka huku."

Vidonda vilipona. Siku hizi nashinda naye kibandani, chini ya meza. Mteja mmoja, ambaye dada yake anafanya kazi za nyumbani ng'ambo, alinisimulia kwamba huko kuna paka waliokatwa kucha zisiote tena, wasikwaruze kochi. Nilikuwa nimemshika kidole, namsugua kwa tupa. Nikamuuliza, zisiote kivipi? Akasema wanakata mpaka kifundo cha kidole, kwa daktari, na sindano ya usingizi. Nikatazama kidole chake, hapo penye kifundo cha mwisho. Mimi nilidhani uchafu huu ni wetu na jiko letu na oili yetu. Kumbe kuna mwingine unaofanywa na glavu safi.

Karibu kila mteja humwona mbwa wangu akitingisha kiuno, akacheka, akauliza, "Huyu alizaliwa hivi?"

Mkono wake huwa ninao mimi, na rangi haijakauka, kwa hiyo hana pa kwenda. "Hapana," namwambia, naanzia kwenye jiko. Wengine husikiliza mpaka mwisho. Wengine nikifika pale yule mtoto wa kwanza alipolamba midomo huvuta mkono, rangi inaharibika. Basi naifuta, naanza kidole upya, na hadithi naiendeleza pale pale walipovuta.