Shamba la Mama Tumaini Nakabidhiwa Mimi

Admin, ukikipitisha kisa hiki usiache chochote cha kunitambulisha. Mama yangu mdogo anafuata ukurasa huu na huwa anasoma mpaka komenti.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu. Nasoma bweni kwa masista, chini mjini Morogoro, ila nyumbani ni juu milimani Uluguru, tunalima karoti na kabichi. Ni mwoga wa kuongea mbele za watu. Hata darasani mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza jibu ninalo, sauti ndiyo haitoki. Ndiyo maana nawaandikia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, amefariki mwaka huu baada ya kuumwa kifua muda mrefu. Ameacha mke, tunamwita Mama Tumaini, na mtoto mmoja ambaye hata shule hajaanza. Mama Tumaini ni Mgogo, mjomba alimtoa Dodoma. Yale matuta ya mteremkoni kwenye shamba la mjomba aliyapandisha yeye kwa jembe, mumewe akiwa amekaa tu anakohoa.

Kwa msiotujua Waluguru, kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanaume akifa, shamba halibaki kwa mkewe wala kwa watoto wake, linarudi kwa dada zake na watoto wa dada zake. Mtoto wake anahesabiwa ukoo wa mama yake. Sasa Wagogo wao mtoto ni wa baba. Kwa hiyo Tumaini huku anaambiwa aende kwao mama yake, na kule wajomba zake wamejibu kwa simu kwamba mtoto ana kwao, ni Mluguru. Kila upande unafuata mila yake vizuri kabisa, na mtoto hana pa kukanyaga.

Baada ya mazishi ukoo ulivuna karoti za mjomba, zile alizozipanda Mama Tumaini. Yeye hakuambiwa chochote. Wiki hiyo hiyo jumuiya ikasali kwetu. Mimi nilikuwa nimekuja likizo, katekista akanipa nisome. Ilikuwa ile sehemu ya Torati ambapo Mungu anawaambia Waisraeli wakivuna wasimalize mpaka pembeni, na kilichosahaulika shambani wasikirudie, wamwachie mgeni, yatima na mjane. Katekista akaniuliza shuleni tunafundishwaje hapo. Nikajibu huku naangalia miguu yangu, kwamba mwalimu alituambia kwa Wayahudi ile haikuwa sadaka. Ile pembe ya shamba isiyovunwa ilikuwa tayari ni ya maskini, mwenye shamba haombwi ruhusa na hachagui nani aje. Watu wakaitikia, wengine wakasema huyu mtoto masista wamemfundisha. Mama alifurahi mpaka akanikaribisha chai mbele ya wageni.

Mama Tumaini alikuwa amekaa karibu na mlango. Asubuhi yake akaenda shambani na ndoo, yeye na mwanawe, wakawa wanaokota vikaroti vilivyokatika na vile vidogo vilivyoachwa. Binamu yangu mkubwa, mtoto wa kiume wa dada mwingine wa mjomba, akamwona, akapiga kelele za mwizi. Tulipofika watu walishajaa. Mama akamwambia anaokota leo ili kesho aseme ni kwake, kwa sababu huku anayeonekana kila mara anavuna mahali, baadaye anapadai.

Akajibu taratibu, "Wifi, si mtoto alisoma jana? Mimi nimeokota tu."

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye ulimwambia aje?"

Nikasema, "Sikumwambia aje, mama. Lakini ni haki yake."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Mama akachukua ndoo akaimwaga korongoni. Akasema, "Hayo ya Wayahudi. Hapa ni Uluguru." Tumaini alikuwa na karoti moja mkononi, akaificha nyuma ya mgongo.

Nilidhani yameisha. Jioni babu, mkubwa wa ukoo, akaniita akaniambia kwamba shamba lile linakuja kwangu kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa wa dada wa marehemu. Siku ya kumaliza matanga nitasimama mbele ya watu, nikabidhiwe jembe la mjomba. Nikishapokea, Mama Tumaini anatoka ndani ya nyumba kabla mvua hazijaanza. Nikikataa, anapewa binamu yule yule, na yeye ameshaleta mtu wa mjini apaangalie, ajenge nyumba ya wageni. Nikauliza kama nikipokea naweza kumwacha alime hata tuta moja. Mama ndiye aliyejibu, akasema nikifanya hivyo nitakuwa nimelikataa tumbo lililonizaa.

Nikaenda kumsalimia Mama Tumaini. Alikuwa anakunja nguo za marehemu. Akaniambia ataenda Turiani, kwenye miwa hawakosi vibarua. Nikaanza kulia, yeye hakulia.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Ukiwa nalo wewe, angalau nitaruhusiwa kuja kufyekea kaburi la mjomba wako."

Tangu siku hiyo silali. Naifungua ile sura kila wakati, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kutafuta pengine kuna mstari nimeuruka. Haupo. Ile sheria inazungumza na mtu ambaye tayari ana shamba. Mimi ili nipate pembe ya kumwachia mjane, lazima kwanza nimnyang'anye shamba lote.

Matanga yanamalizika Jumamosi hii. Babu ataninyooshea jembe, watu wote wataniangalia. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu mnaosoma hapa, msinitukanie mama. Niambieni tu kitu kimoja: nilipokee?