Dakika Tatu Nilizomnyima Danstan

Siku niliyoripoti kazini kufundisha michezo, Mkuu wa Chuo hakutazama hata cheti changu. Alinionyesha kabati tupu ofisini kwake. "Mwalimu, mengine tutaongea baadaye. Mimi nataka kikombe humu."

"Kitapatikana, Mkuu," nikajibu. Kimbelembele changu!

Vyuma vyetu vya mazoezi pale chuoni Mbinga vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yamefungwa kwenye bomba la maji. Seti moja ni kunyanyua mara nane au kumi bila kuweka chini. Baada ya seti nzito mtu hupumzika dakika tatu, na misuli iliyofanya kazi leo hupewa siku mbili, maana nguvu huongezeka mtu akiwa amelala, si akiwa ananyanyua. Niliyajua hayo, nikafaulu na mtihani wake. Lakini mimi ni mtoto wa Mbuji. Kwetu, kwenye kuchimba ngolo, yale mashimo ya mashamba ya mlimani, aliyenyoosha mgongo kabla ya wenzake alichekwa mpaka kanisani. Basi saa ya kupimia mapumziko niliiacha mfukoni.

Danstan alikuwa dereva wa chuo, mtu wa Lituhi kule ziwani, mnene, mwepesi wa kucheka. Kwenye timu ya wafanyakazi ya kuvuta kamba ndiye aliyekaa mwisho. Wiki ya kuelekea mashindano alikuwa ametoka likizo, mwili umelegea. Nilimpigisha seti kumi mfululizo, na kesho yake tena.

"Madam, mikono haikunjuki."

"Kamba haivutwi kwa mdomo, Danstan."

Siku ya tatu alinifuata pembeni kwa aibu. "Shikamoo Madam. Samahani, mkojo wangu leo mweusi, kama chai ya rangi."

Sikushtuka. Sisi wa milimani hujidai tunajua kwamba watu wa ziwani wana kichocho, na kichocho hubadili rangi ya mkojo. "Kichocho chenu hicho," nikamwambia. Nikamletea vidonge, akameza mbele yangu, akashika kamba.

Kesho yake uso ulivimba, tukamkimbiza hospitali. Daktari wa zamu hakunifokea, heri angenifokea. "Mwalimu, hiki si kichocho. Ni misuli. Imechoshwa hadi ikavunjika, mabaki yakaingia kwenye damu na kuziba figo. Jana angepumzishwa na kunyweshwa maji, huenda angepona."

Danstan alifariki siku ya tano. Mkuu wa Chuo akaniuliza nani sasa atakaa mwisho wa kamba.

Msibani Lituhi, mjane wake alinishika mikono yote miwili. "Madam, ahsante. Aliniambia kwa simu ulivyomtafutia dawa."

"Pole, dada," nikasema. Basi. Ukweli sikumwambia, mwoga mimi.

Baada ya hapo nilifundisha miaka mingi saa ikiwa mkononi, vijana wakinung'unika kwamba nawapumzisha mno. Sasa nimestaafu, na kila Krismasi mjane yule hunitumia mfuko wa usipa, vile visamaki vikavu vya ziwani, kwa shukrani. Nimevila. Jamani, nimevila!

Walimu wa michezo, saa isikae mfukoni. Lakini haya hamtayasoma kabla mjane yule hajayasikia. Kesho napanda gari la Lituhi nikamweleze kwa mdomo wangu. Mfuko wa mwaka huu sijaufungua. Naurudisha, aniambie mwenyewe kama bado ni wangu.