Kabati Lisilopoteza Kitabu

Mwenyekiti aliponinyooshea ule ufunguo mbele ya watu, ilinipasa niukatae. Wajumbe wa kamati ya ukumbi wetu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi baada ya sala ya Ijumaa, sahani ya tende ikizunguka, na wote walikuwa wakingoja neno langu. Kabati la vioo lilisimama nyuma yangu, jipya, likinuka vanishi. Ndani yake mlikuwa na vitabu ambavyo mwalimu mmoja, aliyefundisha hapa Msambweni hadi akastaafu, alituachia aliporudi kwao bara. Vilikuwa vitabu vya historia ya pwani yetu, vya ndege, vya miti na vya wanyama wa misitu ya Shimba, vya viumbe wa mwambani, na vya watu waliotembea kwa miguu kutoka Vanga wakaandika waliyoyaona njiani.

"Azimio ni kwamba vitabu havitoki," mwenyekiti alisema. "Anayetaka kusoma, asome humu humu, akiwa amenawa mikono. Na ufunguo tumpe huyu bwana. Kasoma, tena kazi ya kutunza vitu anaijua."

Nilijua moyoni kwamba azimio lile halikuwa sawa. Mwalimu mwenyewe alikuwa akivibeba vitabu vile kwenye kikapu cha baiskeli, akivifungua popote alipopata kivuli. Lakini sifa ni tamu. Nikasema, "Inshallah nitavitunza," nikaupokea ufunguo kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto.

Nilikuwa nimetoka kustaafu ukarani wa stoo katika hoteli moja ya Diani. Stoo ina sheria yake: kitu hakitoki bila saini, na kisichotoka kabisa ndicho kilicho salama zaidi. Kwa miaka yote ile bahari ilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu, nami nilikuwa nikihesabu mashuka na makopo ya nyanya. Kila mwisho wa mwaka nilisifiwa kwa kuwa hakuna kilichopungua. Nikaamini kwamba kutunza ndiko huko.

Basi nikakaa na kabati langu. Mwanzoni vijana walikuja, wakachungulia kwenye vioo. Nikawatuma bombani wakanawe, nikawakagua viganja, nikawaonyesha wakae wapi na wafungue kurasa vipi. Wiki ya pili hawakurudi. Sikuona ubaya. Nilibaki peke yangu asubuhi zote, na lazima niseme kweli: zilikuwa asubuhi tamu kuliko nyingi nilizowahi kuishi.

Nilisoma kuhusu mbega. Miaka yangu yote Diani mbega walikuwa wakiruka juu ya paa la stoo, wakitupa majani kwenye mabati, nami sikuwahi kujua kwamba hawana kidole gumba. Nilisoma kwamba mawe tunayokata kujengea nyumba yalikuwa matumbawe hai, zamani ambazo bahari ilikuwa imefika huku juu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaupapasa ukuta wa chumba changu kama mtu anayempapasa ng'ombe. Nilisoma kuhusu palahala, yule swala mkubwa wa Shimba, kwamba dume anapozaliwa ni kahawia na kadiri anavyokua huzidi kuwa mweusi. Nikacheka peke yangu, maana mimi na nywele zangu tulikuwa tumeshika njia ya kinyume.

Yote hayo nilimweleza mke wangu wakati wa chakula cha mchana. Mke wangu ni mtu wa mwamba. Tangu utotoni, maji ya bamvua yanapotoka mbali, hujifunga kanga, huchukua kijiti chake, huingia miambani na wanawake wenzake kuchokoa pweza. Alisoma hadi darasa la saba na kusoma anapenda. Siku niliyomwambia habari za mbega alitua tonge, akaniuliza:

"Na vya baharini je? Hakuna kitabu?"

"Kipo. Kina picha za rangi. Konokono, kaa, viti vya pweza wale wa umbo la nyota, kila kitu."

"Niletee nikione."

"Njoo ukumbini."

"Ukumbini bahari ipo? Mimi nataka kukipeleka mwambani. Nitazame kitabu, nitazame dimbwi, nijue kinasema kweli au kinatupaka mafuta."

"Maji ya chumvi yatakiharibu."

"Nitakitia kwenye mfuko wa plastiki."

"Kanuni hairuhusu, mwenzangu. Nikikutolea wewe, watasema natolea wa kwangu."

"Kumbe hukupewa kulinda vitabu," alisema. "Umepewa kulinda kioo."

Bamvua iliyofuata aliuliza tena, kijiti begani, kanga imeshakazwa. "Maji yametoka mbali leo. Kitabu?"

"Kanuni, bibi."

"Haya. Nitawasalimia pweza, niwaambie kanuni imekataa wasitazamwe."

Alirudi na pweza wawili, akawapiga juu ya jiwe kuwalainisha kwa nguvu ambayo nilijua haikuwa yao peke yao. Aliniuliza mara nyingine chache, kisha akaacha. Alipoacha nilidhani ameelewa.

Sukari alikuwa nayo kwa muda mrefu. Ikaanza kumpanda machoni. Kwanza alilalamika kwamba taa ni hafifu, nikabadilisha taa. Kisha akaanza kupita sufuria bila kuiona. Daktari wa macho alisema tumechelewa. Jicho la kushoto lilikwenda kwanza, na mwaka haukuisha kabla la kulia halijalifuata. Alibaki akitambua mwangaza tu: mlango uko wapi, jua liko upande gani.

Mimi niliendelea kwenda ukumbini na ufunguo wangu.

Halafu ikaja masika ya mvua nyingi. Asubuhi moja mvua ilipokatika, nilifungua kabati nikachukua kitabu cha mmoja wa wale wasafiri wa miguu kutoka Vanga. Kilikuwa chepesi mkononi kama mkate uliokauka. Jalada lilikuwa zima, na herufi zake za dhahabu bado zinang'aa. Nilipokifungua, ukamwagika udongo. Mchwa walikuwa wamepanda ndani ya ukuta, wakatoboa mgongo wa kabati, wakala rafu za chini moja baada ya moja, kimya, huku majalada yakisimama wima nyuma ya kioo kama askari kwenye gwaride. Historia yetu ya pwani ilikuwa imekwisha. Miti ya Shimba ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu ya stoo, hakuna kitabu hata kimoja kilichopotea.

Nilikaa sakafuni. Sikumbuki nilikaa kwa muda gani. Kisha nikasimama, nikapapasa rafu ya juu kabisa, na mkono wangu ukakutana na uzito. Ndege walikuwapo. Wanyama wa Shimba walikuwapo. Kile cha viumbe wa mwambani kilikuwapo pia, kizima, kizito kama tofali.

Nilikwenda kwa fundi wa baiskeli jirani nikaazima bisibisi. Nikaung'oa mlango wa kabati kwenye bawaba zake, nikauegemeza ukutani na ufunguo nikauacha kwenye tundu lake. Nikatoka na kitabu kwapani mchana kweupe. Mwenyekiti alikuwa kwenye baraza ya muuza kahawa.

"Sheikh, hicho unakipeleka wapi?"

"Baharini."

"Na azimio?"

"Azimio limeliwa na mchwa. Nenda ukalitazame."

Watu wakacheka, naye akacheka nusu, kisha akavaa viatu akaenda kutazama. Sikumngoja.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele kwa vidole. Nilimwekea kitabu mapajani. Alikishika, akapitisha kiganja juu ya jalada, akakinusa.

"Kinanuka kabati," alisema.

"Kinanuka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilistahili. Badala yake alikifungua katikati, akaweka kidole chake kwenye ukurasa laini, akaniambia, "Haya, karani. Hapa pana nini?"

"Pana konokono."

"Konokono gani? Wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Mwekundu wa pilipili au mwekundu wa tofali? Mbona waeleza kama unaandika risiti!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba sijui kutazama. Nilikuwa nimesoma kitabu kile mara nyingi na sijawahi kuona. Nikainama karibu na ukurasa. Nikasema ni mwekundu wa tende iliyoanza kuiva, ana madoa meupe kama unga uliomwagika, na ukingo wa gamba umejikunja kama pindo la kofia. Akatabasamu. "Huyo namjua," alisema. "Hukaa chini ya mawe ya upande wa kusini. Endelea."

Bamvua ilipokuja nilimshika mkono tukaingia mwambani, yeye na kijiti chake, mimi na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, kama alivyotaka tangu mwanzo. Wanawake walipotuona walituamkia kwa vigelegele.

"Shikamoo babu! Leo umeletwa uogeshwe?"

"Marahaba. Nimekuja kusoma."

"Kwani pweza wamefungua madrasa?"

Nilikaa juu ya jiwe, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu, nikawasomea. Kitabu ni cha Kiingereza, hivyo nilisoma mstari, nikauweka katika Kiswahili. Waliinama juu ya kurasa, maji yakidondoka kwenye vidole vyao, nami moyo ulinishtuka kwa kila tone na nikaunyamazisha. Nilipofika kwa pweza nikawaambia kitabu kinasema ana mioyo mitatu.

"Mitatu!" mama mmoja alipiga kelele. "Na wangu mimi hana hata mmoja!"

Walicheka mpaka mmoja akateleza. Mke wangu alicheka kuliko wote, akasema, "Ndiyo maana hakimbilii kufa yule," akaingiza kijiti kwenye tundu alilolikumbuka kwa miguu, akamtoa pweza mkubwa mbele yetu sote. Sijawahi kujisikia tajiri kama siku ile.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Kamati ilikutana mbele ya kabati lisilo na mlango, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyependekeza vitabu vitoke. Habari zilienea, watu wakaanza kutuletea vingine: mmoja alileta kitabu cha mikoko kutoka kwa shemeji yake, mwingine historia ya bandari ndogo za kusini aliyoiokota Ukunda. Tuliweka rafu za chuma, miguu yake ndani ya makopo ya mafuta machafu ili mchwa wasipande. Vijana wanaopeleka wageni Funzi walikichukua cha mikoko, na sasa wanasimamisha mashua kwenye mlango wa mto, mmoja anasoma na mwenzake anaonyesha. Wa Kinondo walikichukua cha ndege. Kilirudi kina mchanga katika mshono, na mahali pa kushikia ukurasa wameweka gamba la samaki. Nililinusa gamba lile, nikaliacha pale pale.

Kila kitabu kinachorudi kichafu ninakipokea kama msafiri aliyefika salama. Kichafu kuliko vyote ni kile cha mwambani. Jalada limevimba kwa chumvi, kurasa zimejikunja, na wino wa pweza umeacha doa kwenye sura ya pweza, mahali panapofaa kabisa. Mwalimu angekipenda.

Mwaka jana tulichanga, tukakodi gari, tukapanda Shimba, wazee kwa vijana. Nilikuwa na kitabu cha wanyama magotini. Karibu na ukingo wa msitu dereva alizima injini. Dume la palahala lilikuwa limesimama kwenye nyasi, jeusi tititi, pembe zimepinda nyuma, likitutazama kama mwenye shamba. Nilimwinamia mke wangu sikioni nikamweleza: weusi wa chungu kilichopikiwa miaka, tumbo jeupe kama maziwa, mistari miwili ya usoni, pembe mfano wa jambia mbili zilizowekwa sambamba. Alisikiliza amefumba macho.

"Ameondoka?" aliuliza.

"Bado."

"Basi nawe usiondoke. Nieleze tena."

Nikamweleza tena, na tena, mpaka palahala alipogeuka akaingia msituni bila haraka. Garini wote walipiga makofi, na nadhani baadhi ya makofi yalikuwa yangu. Mwenyekiti, aliyekuwa kiti cha nyuma, alisema, "Wallahi, hata mimi niliyemwona, nimemwona zaidi kwa maneno ya huyu."

Nilikuja kuijua kazi hii uzeeni, na ninaiweza. Watu wananiita niwasomee kutoka Gazi hadi Vanga. Lakini sitaki mtu anisifu bila kujua jambo hili. Siku nilipoupokea ule ufunguo, mke wangu alikuwa na macho mawili mazima, na alichoniomba ni kitabu kimoja, kwa siku moja, mwambani. Nilikuwa na miaka ya kumpa. Sasa anakijua kitabu kile chote kwa sauti yangu, ukurasa kwa ukurasa, na hajaiona hata picha yake moja.