Taa Zinawaka, Mayai Yamepoa

Saa saba mchana, Waruguru Thuo anainama mbele ya friji kuukuu iliyosimama kando ya kitanda chake na kusoma kipimajoto kupitia kidirisha cha kioo. Anakipangusa kioo kwa kiganja. Anasoma tena.

Nyuzi ishirini na saba.

"Haiwezekani," anasema. "Taa zinawaka. Si unaona zinawaka?"

Zinawaka kweli. Balbu nne zilizofungwa ndani ya friji hiyo zinatoa mwanga mweupe, mkali kuliko siku zote. Chini yake kuna mayai mia moja na hamsini, leo yakiwa na siku kumi na sita. Yanapaswa kukaa kwenye nyuzi thelathini na saba na nusu, usiku na mchana, kwa siku ishirini na moja. Waruguru anafungua mlango na kuishika balbu moja kwa vidole vitupu. Haimchomi.

"Ngai! Hii ni balbu gani?"

Friji hiyo haijapoza kitu kwa miaka sita. Waruguru, mwenye umri wa miaka arobaini na minne na ambaye majirani humwita Mama Shiru, hufua nguo za watu mtaani Donholm, Nairobi, na kuishi mtaa wa Mowlem, katika chumba kimoja. Mwajiri wake mmoja alipohama alimwachia friji iliyokufa. Fundi wa redio aitwaye Owen akaigeuza kuwa mashine ya kuangulia mayai. Alifunga balbu nne za zamani, zile za waya unaowaka na kuchoma, pamoja na kidude cha kuzizima joto likizidi na kuziwasha likipungua.

Tangu hapo, wafugaji wa kuku wa kienyeji kutoka Mowlem, Dandora, hata Lucky Summer, humletea mayai. Yeye hutoza shilingi ishirini kwa yai. Mwezi mzuri humwingizia shilingi elfu tatu, ambazo huongezea kwenye pesa za kufua ili kodi ya chumba itimie.

"Watu huniachia mayai kama mtu anavyoachiwa mtoto amshike," anasema. "Humu ndani hakuna yai langu hata moja."

Sitini kati ya hayo ni ya Zaitun, jirani wa mlango wa pili anayekaanga viazi karai langoni. Zaitun ndiye pia anayekaa na ufunguo wa pili na kuyageuza mayai saa sita, Waruguru akiwa kazini. Sasa anakuja mbio, mikono ikiwa na unga wa dengu.

"Dada, nani ameingia humu?" Waruguru anauliza.

"Munene. Alikuja saa tatu na boksi la balbu, anabadilisha ploti nzima. Nikamfungulia."

"Ukamfungulia mpaka kwenye mashine?"

"Alisema mwenye ploti hataki kuona balbu ya zamani hata chooni. Na sikumwacha peke yake, nilisimama hapa hapa. Mwanga ulizidi, wallahi! Nikasema leo mayai yamepata."

Munene ni msimamizi wa ploti hiyo, jengo lenye vyumba ishirini na vinne vya kupangisha. Stima yote hupitia mita moja na hulipwa ndani ya kodi, kwa hiyo mwenye ploti huwinda kila kinachoila. Pasi hunung'unikiwa, na koili za kupikia hunyang'anywa. Wiki hii ilikuwa zamu ya balbu: za waya zitoke, ziingie mpya zinazokula stima kidogo na zisizopata moto.

"Na saa sita ulipoyageuza, hukusikia baridi?"

"Nilisikia." Sauti ya Zaitun inashuka. "Nikafurahi."

Waruguru anamtazama kama hakumsikia vizuri. Halafu anaketi kitandani, mkono mdomoni, kwa sababu ameelewa. Mwezi Machi kidude cha joto kilikwama, mashine ikapanda hadi nyuzi arobaini na moja, na mayai yote tisini yaliyokuwemo yakafa. Zaitun ndiye aliyeyakuta. Tangu siku hiyo alichoogopa ni joto kuzidi tu. Hakuna aliyemwambia kwamba baridi nayo huua.

Munene anaitwa. Anafika akitabasamu.

"Mama Shiru, si nimekupunguzia stima? Nne kwa mpigo! Hata asante hakuna?"

"Munene, umezima jiko ukaniachia taa."

"Jiko gani?"

"Zile balbu ndizo zilikuwa kuku! Ndizo zilikuwa zinayalalia!"

Munene anatazama balbu, anatazama mayai. Tabasamu linamtoka usoni polepole.

"Mimi nilijua mayai yanataka mwanga," anasema.

Mabaya zaidi yanafuata. Mwenye ploti alikuwa amemwagiza azivunje balbu zote za zamani, wapangaji wasije wakazirudisha. Chini ya ngazi kuna gunia limejaa vioo. Dukani haziko, mwenye duka la vifaa vya stima anacheka kwa mshangao anapoulizwa. Munene anarudi kwenye gunia na kuchakura kwa mikono hadi anajikata. Anatoka na balbu tatu nzima.

"Tatu tu," anasema, damu ikimtiririka kidoleni. "Nilikuwa bado sijafika orofa ya juu. Huko ziko nyingine. Nakimbia."

Zaitun tayari amelichukua sufuria lake la maji ya chai. Anajaza chupa za plastiki, anazifunga kwa vitambaa na kuzipanga chini ya trei, Waruguru akimzuia kila mara. "Polepole, dada. Tusije tukayachemsha."

Kisha wanavuta pazia na kuwasha tochi ya simu, waone kama ndani ya maganda kuna kinachocheza. Yai la kwanza linawekwa juu ya mwanga. Kivuli cheusi, kimya. La pili, kimya. Zaitun anaanza kulia bila sauti. La tatu ni lake. Lina alama yake ya kalamu. Waruguru analishikilia kwa muda mrefu.

Kivuli kinaruka.

"Subhanallah!" Zaitun anapiga ukelele na kurudi nyuma hadi anagonga meza. "Limeruka! Mama Shiru, limeruka!"

Saa kumi, balbu nne za waya zikiwa zimerudishwa, kipimajoto kinarudi kwenye thelathini na saba na nusu. Waruguru anawapigia simu wenye mayai wote tisa na kuwaeleza kilichotokea. Mmoja anamkatia. "Afadhali anikatie leo kuliko asikie kwa mtu mwingine," anasema.

Siku ya ishirini na moja inapita bila mlio. Siku ya pili yake, ganda la kwanza linapasuka, na kufikia jioni vifaranga themanini na watatu wamejazana kwenye maboksi. Kwa kawaida wangekuwa zaidi ya mia moja na ishirini. Zaitun amepata thelathini na mmoja, na bado anawatazama kama watu waliorudi kutoka safari isiyo na marejeo.

"Nilijua nimewaua wote kwa mkono wangu," anasema.

"Kosa ni langu," Waruguru anamkatiza. "Miaka yote hii nimekuachia mashine, sikuwahi kukuonyesha kusoma kipimajoto."

Balbu za waya zinazidi kuadimika, na Owen ameahidi kumfungia waya wa kupasha joto usiotoa mwanga wowote. Mwenye ploti amekubali, ila kodi itaongezwa kidogo. Waruguru hakubishana.

"Ndivyo ninavyotaka, mashine yenye giza," anasema. "Mtu akitaka kujua kama inafanya kazi, asiitazame kwa mbali. Aje asome namba."

Mayai mapya yataingia Jumatatu, na thelathini kati yake ni ya yule mteja aliyekata simu. Kila siku saa sita Zaitun atasoma namba na kumtumia Waruguru kwa simu, akiwa kazini Donholm. Ameshaanza kujizoeza kwa mashine tupu. Anainama, anakunja jicho moja, anasoma kwa sauti kubwa, na Munene, aliyesimama mlangoni na kidole chenye bendeji, anarudia namba baada yake.